Komwe Mtoro na Wenzake Sitini na Tatu

Wanangu, bao la Kiswahili mnalijua. Ubao mmoja mzito, mistari minne, kila mstari mashimo manane. Nane mara nne ni 32. Wachezaji wawili wanakaa wakitazamana, na kila mmoja ana kete zake 32. Jumla, kete 64. Si 63, si 65. Ni 64.

"Mjomba, hiyo 64 ina nini hasa? Si namba tu kama nyingine?"

Ahaa! Swali hilo nalipenda. Mtoto anayeuliza "ina nini hasa" hapitwi na mambo. Sogeeni basi, maana jibu lake analo komwe.

Komwe ni mbegu ya mkomwe, mmea wa miiba unaotambaa kwenye vichaka vya pwani. Ganda lake nalo lina miiba. Lakini ukilipasua, ndani unakuta mbegu za kijivu, ngumu, laini mkononi. Wazee wanazipenda sana kwa bao. Zikidondoka shimoni zinalia: ko, ko, ko.

Basi palikuwa na mfuko mmoja wa kitambaa, na ndani yake komwe 64. Mmoja wao alikuwa mdogo, tena mwingi wa manung'uniko.

"Kila siku tunachotwa, tunatupwa mashimoni, tunachotwa tena," alisema. "Na tulivyo wengi humu! Nikitoka mimi mmoja, nani atajua?"

Mfuko ulikuwa na tundu. Usiku ulipoingia, komwe akajipenyeza, akachomoka. Akabiringika, biringi biringi, hadi nyuma ya mguu wa kiti. Akatulia tuli.

Asubuhi mwenye bao akafungua mfuko. Alikuwa anataka kumfundisha mjukuu wake bao la kujifunza, lile ambalo kila shimo linaanza na kete mbili. Akaanza kupanga. Mbili hapa, mbili pale. Ko-ko, ko-ko, ko-ko. Shimo la kwanza mbili. Shimo la kumi mbili. Shimo la thelathini na moja mbili. Alipofika shimo la mwisho, mkononi ilibaki moja.

"Mjomba, kumbe hakuhitaji kuzihesabu zote?"

Hakuhitaji hata kidogo! Ubao wenyewe ulimhesabia. Mashimo 32, kila moja kete mbili: zikitimia ni 64, na ikikosekana moja, shimo la mwisho linakuambia. Mzee akainuka kwenda kutafuta. Mjukuu naye akamfuata. Komwe 63 wakabaki peke yao, na hapo ndipo mazungumzo yalipoanza.

Mkubwa wao aliitwa Bibi Komwe. Alikuwa amechezwa mpaka amekuwa laini kuliko wote.

"Wajukuu zangu," alisema, "tujigawe nusu kwa nusu."

Wakajigawa. Upande huu 31, upande ule 31, na katikati akabaki mmoja amesimama. Hana upande. Anaangalia huku, anaangalia kule.

"Mnaona?" alisema Bibi Komwe. "Jana tulikuwa 64. Kata nusu, 32. Kata nusu, 16. Kata nusu, 8. Kata nusu, 4. Kata nusu, 2. Kata nusu, 1. Tunakatwa mara sita, na hakuna hata mara moja ambapo mtu anabaki amesimama katikati. Leo tumekwama mara ya kwanza tu."

Hebu jaribuni na namba nyingine, wanangu. Chukueni 100, namba inayojivunia ukubwa wake. Kata nusu, 50. Kata nusu, 25. Kata nusu... imekwama! Chukueni 60, ile ya dakika katika saa. Kata nusu, 30. Kata nusu, 15. Imekwama nayo. Chukueni 96. Hiyo inajitahidi: 48, 24, 12, 6, 3. Mara tano, kisha basi. Kuanzia 1 hadi 100 hakuna namba inayokatika nusu mara nyingi kama 64.

"Kwa nini, Mjomba? Nani aliipa nguvu hiyo?"

Hakuna aliyeipa. Iko hivyo kwa sababu ya kilichomo ndani yake. Ifungue 100, utakuta 2 mara 2 mara 5 mara 5. Hizo 5 ndizo zinazokataa kukatwa. Ifungue 96, utakuta 2 tano na 3 moja. Hiyo 3 ndiyo inayogoma. Ifungue 64, utakuta 2 mara 2 mara 2 mara 2 mara 2 mara 2. Mbili sita, wala hamna mgeni ndani yake.

Na kukata nusu si jambo dogo. Mchezee rafiki yako hivi. Mwambie afikirie namba yoyote kuanzia 1 hadi 64 asikuambie. Wewe omba maswali sita tu, ya kujibiwa ndiyo au hapana. Uliza: "Inazidi 32?" Akijibu hapana, zimebaki 32 za kwanza. Uliza: "Inazidi 16?" Akijibu ndiyo, zimebaki 16, kuanzia 17 hadi 32. Uliza tena katikati. Kila swali linatupa nusu na kubakiza nusu. Baada ya maswali sita imebaki moja, nawe unaitaja. Rafiki yako atadhani una dawa.

Tumrudie Bibi Komwe.

"Sasa tujipange mraba," alisema. "Safu na mistari sawasawa, kama askari wa gwaride."

Komwe 63 wakajipanga. Wakapata mistari 7 ya komwe 9. Wakapata mistari 9 ya komwe 7. Mstatili tu, kila walivyojaribu. Wakajaribu mistari 8 ya komwe 8, na pembeni kabisa, kwenye kona, pakabaki nafasi wazi ya komwe mmoja.

Mnaweza kuujenga mraba huo wenyewe sakafuni. Weka komwe mmoja kwenye kona. Mzungushie watatu, upate mraba wa 2 kwa 2. Wazungushie watano, upate 3 kwa 3. Kisha saba, kisha tisa, kisha 11, kisha 13, kisha 15. Simama hapo uangalie: una mraba wa 8 kwa 8. Yaani 1 + 3 + 5 + 7 + 9 + 11 + 13 + 15 ni 64. Namba nane za kwanza za witiri zimekaa pamoja zikatoa namba ambayo ni shufwa tupu!

Komwe hawapandi juu ya wenzao, watabiringika. Lakini ukipata dadu 64, jenga hivi: dadu 4 kwenda mbele, 4 kwenda kando, 4 kwenda juu. Unapata mchemraba, umekaa imara, hakuna dadu iliyobaki. Kwa hiyo 64 ni mraba, na 64 hiyo hiyo ni mchemraba.

"Si zipo namba nyingi za hivyo?"

Ziko chache mno, mwanangu. Ukiiacha 1, ya kwanza ni 64. Inayofuata ni 729, ambayo ni 27 mara 27, na pia 9 mara 9 mara 9. Katikati ya 64 na 729 hakuna hata moja. Na siri yake ni zile mbili sita. Sita inagawika kwa mbili, na inagawika kwa tatu. Zifunge mbili zako sita mafungu mawili, unapata 8 mara 8. Zifunge mafungu matatu, unapata 4 mara 4 mara 4.

Wakati huo wote, komwe mtoro alikuwa anasikiliza nyuma ya mguu wa kiti. Moyo ulianza kumdunda. Lakini lililomtikisa zaidi lilikuwa hili.

Bibi Komwe akasema: "Sasa tuhesabu vigawo vyetu."

"Vigawo ni nini, Mjomba?"

Vigawo ni namba zinazoigawa namba bila kubakiza kitu. Vigawo vya 6 ni 1, 2, 3 na 6 yenyewe. Sasa iache 6 yenyewe pembeni, ujumlishe vilivyobaki: 1 + 2 + 3. Umepata ngapi? Umepata 6! Namba imerudi ilivyokuwa, haikuzidi wala haikupungua. Namba ya aina hiyo ni namba timilifu. Inayofuata ni 28: vigawo vyake, yenyewe ikiachwa pembeni, ni 1, 2, 4, 7 na 14. Jumlisha mwenyewe, usiniamini mimi tu.

Komwe wakaanza kujumlisha vigawo vya 64, yenyewe ikiwa imeachwa pembeni.

"Moja na mbili?"

"Tatu!"

"Ongeza nne?"

"Saba!"

"Ongeza nane?"

"Kumi na tano!"

"Ongeza kumi na sita?"

"Thelathini na moja!"

"Ongeza thelathini na mbili?"

Kimya. Kisha wote kwa pamoja: "Sitini na tatu!"

"Sitini na tatu," alisema Bibi Komwe. "Ndio sisi tuliobaki hapa. Sitini na nne kasoro moja. Na huyo mmoja anayekosekana ndiye aliyesema hatajulikana."

Mnaona, wanangu? 64 ingekuwa timilifu, ila imepungukiwa na moja. Moja tu! Na si 64 peke yake. Chukua 8: vigawo vyake ni 1, 2 na 4, jumla 7. Nane kasoro moja. Chukua 16: 1, 2, 4 na 8, jumla 15. Kumi na sita kasoro moja. Chukua 32: jumla 31. Namba zote zilizojengwa kwa 2 tupu zinakuja na kasoro hiyo hiyo.

"Lakini kwa nini iwe moja kila mara? Kwa nini isiwe mbili, au tano?"

Hapo umeuliza kama mwanahisabati. Sikiliza jibu. Tufanye mashindano ya bao hapa mtaani, wachezaji 64, mtindo wa mtoano: ukifungwa unakwenda nyumbani. Siku ya kwanza wanacheza wawili wawili, michezo 32. Wanabaki washindi 32, michezo 16. Kisha 8, kisha 4, kisha 2, kisha fainali moja. Hebu soma michezo hiyo: 32, 16, 8, 4, 2, 1. Umeviona? Ni vile vigawo vyetu! Sasa nikuulize: jumla ni michezo mingapi? Usijumlishe. Fikiri tu. Kila mchezo unamtoa mtu mmoja. Mwisho anabaki bingwa, na bingwa hajatolewa na mtu. Waliotolewa ni 63. Kwa hiyo michezo ni 63. Kasoro ile ya moja ndiye bingwa mwenyewe!

Ndiyo maana katika Kombe la Dunia, timu 16 zilipokuwa zinaingia mtoano, ilihitajika michezo 15 kumpata bingwa. Waandaaji waliongeza mmoja wa kutafuta mshindi wa tatu, ikawa 16. Ukijumlisha na michezo 48 ya makundi, unapata ngapi? Unapata 64! Ndivyo ilivyokuwa tangu mashindano ya Ufaransa mwaka 1998 mpaka ya Qatar mwaka 2022, zilipokuwa zinacheza timu 32.

Kasoro hiyo ya moja iko pia kwenye hadithi ya sataranji, ambayo ubao wake una vyumba 64. Ibn Khallikan, mwandishi wa karne ya 13, aliiandika. Sissa wa India alimpelekea mfalme mchezo huo. Mfalme akafurahi, akamwambia aombe zawadi. Sissa akaomba punje za ngano: chumba cha kwanza punje moja, cha pili mbili, cha tatu nne, kila chumba maradufu ya kilichotangulia. Mfalme akaona ameombwa kitu kidogo sana. Lakini jumla ya vyumba vyote 64 ni punje 18,446,744,073,709,551,615. Ghala gani la mfalme lina ngano hiyo? Na hesabu hiyo ndefu ni kasoro moja tu ya punje ambazo zingewekwa kwenye chumba cha 65, kama kingekuwepo.

Nyuma ya kiti, komwe mtoro hakuweza tena kunyamaza.

"Bibi!" aliita. "Mimi hapa! Lakini nina swali. Kama hata nikirudi sisi ni timilifu kasoro moja, faida yetu ni nini?"

"Toka kwanza hapo vumbini," alisema Bibi Komwe, "ndipo nikujibu."

Komwe akatoka, biringi biringi, akaingia kwenye ile nafasi ya kona. Mraba ukatimia, 8 kwa 8.

"Sasa sikiliza, mjukuu wangu. Yapata mwaka 300 kabla ya Kristo, huko Alexandria, nchini Misri, alikuwepo mwalimu aitwaye Euclid. Alionyesha njia ya kuzipata namba timilifu. Anza na moja, uongeze mbili, uongeze nne, uendelee hivyo kwa maradufu. Jumla ikiwa namba tasa, yaani haigawiki ila kwa moja na kwa yenyewe, izidishe kwa namba ya mwisho uliyoongeza. Utakachopata ni timilifu. Haya, fanya hivyo ukomee kwetu, kwenye 64."

Komwe mdogo akajumlisha: 1, 2, 4, 8, 16, 32, 64. "Ni 127, Bibi!"

"Ni namba tasa?"

Akajaribu kuigawa kwa 2, ikakataa. Kwa 3, ikakataa. Kwa 5, kwa 7, kwa 11, ikakataa zote. Hakuwa na haja ya kuendelea, kwa sababu 13 mara 13 ni 169, imeshapita. "Ni tasa!"

"Basi zidisha 64 kwa 127."

"Ni 8,128!"

"Jumlisha vigawo vyake, yenyewe ukiiacha pembeni."

Tumsaidie, wanangu. Fungu la kwanza ni vile vya kawaida: 1, 2, 4, 8, 16, 32, 64. Hivyo ni 127, tumeshajua. Fungu la pili ni 127, 254, 508, 1,016, 2,032 na 4,064. Hivyo ni nini? Ni 127 mara 1, mara 2, mara 4, mara 8, mara 16, mara 32. Na 1 + 2 + 4 + 8 + 16 + 32 ni 63. Kwa hiyo fungu la pili ni 127 mara 63. Umeona? Hapo palihitajika 127 mara 64, na imekosekana 127 moja. Lakini fungu la kwanza lilikuwa ngapi? Lilikuwa 127! Linaingia papo hapo, pengo linazibika. 127 mara 64, yaani 8,128 kamili, bila kasoro.

"Kwa hiyo," alisema komwe mdogo polepole, "sisi wenyewe si timilifu, lakini tunaizaa iliyo timilifu."

"Umenena," alisema Bibi Komwe.

Mara mlango ukalia. Mzee na mjukuu wamerudi mikono mitupu. Mzee akazitazama kete zake zilivyojipanga, akapanga upya ubaoni, mbili mbili. Ko-ko, ko-ko. Shimo la mwisho likapata mbili. Akamtazama mjukuu, mjukuu akamtazama mzee. Bao likaanza.

"Mjomba, namba timilifu ziko ngapi?"

Watu wa kale walizijua nne. Nicomachus, aliyeandika kitabu cha hesabu yapata miaka 100 baada ya Kristo, alizitaja: 6, 28, 496 na 8,128. Ya tano iko mbali mno, ni 33,550,336. Zote tano zinapatikana kwa njia ya Euclid.

Na lipo jambo moja ambalo watu wazima wenye elimu kubwa bado wanalitafuta. Namba zote zinazojulikana zenye kasoro ya moja, kama ilivyo 64, zimejengwa kwa 2 tupu: 2, 4, 8, 16, 32, 64 na kuendelea, pamoja na 1 iliyo mwanzo wao. Hakuna aliyewahi kupata nyingine ya aina tofauti, wala hakuna aliyethibitisha kwamba haipo. Jaribu 10: vigawo vyake ni 1, 2 na 5, jumla 8, kasoro mbili. Jaribu 20: 1, 2, 4, 5 na 10, jumla 22, imezidi mbili. Chukua daftari, uanze na 21 uendelee. Hesabu ni kujumlisha na kugawa tu, unaijua tayari.